Nishani zangu hazimo kwenye DD 214, na mimi niko Moshi

KUTOKA: Kaka wa Kiboriloni

Wanajamvi, habari za masiku. Wakubwa shikamooni.

Wengi mnanikumbuka: niliondoka Moshi kwa bahati nasibu ya viza, nikaishia kuvaa magwanda ya Jeshi la Marekani kabla hata sijapata uraia. Niliingia 2004, nikatoka 2008. Kuanzia Oktoba 2006 hadi Januari 2008 nilikuwa Baghdad. Tulipelekwa kwa miezi 12, tukiwa kulekule tukaambiwa ni 15. Sasa huu ni mwaka wangu wa pili tangu nirudi nyumbani, namuuguza mama na kuangalia shamba.

Shida yangu ni karatasi moja. Wiki iliyopita niliitoa DD 214, ile hati ya kutoka jeshini, kwenye bahasha ili nianze madai ya fidia ya sikio. La kushoto linavuma usiku kucha tangu kule. Nilipoisoma mstari kwa mstari nikaishiwa nguvu. Kisanduku namba 13, panapoandikwa nishani, kina vitu vitatu tu: nishani ya ulinzi wa taifa, ya vita dhidi ya ugaidi, na ule utepe anaopewa kila aliyemaliza mafunzo. Nishani ya kampeni ya Iraki hakuna. Nishani ya pongezi niliyovishwa na kamanda mbele ya kombania nzima hakuna. Kisanduku 18 cha maelezo nacho hakitaji Iraki. Anayeisoma hawezi kujua kama niliwahi kukanyaga kule, wakati nimeacha marafiki wawili kule.

Siku ya kutoka, karani alinisogezea karatasi, akasema kagua jina na namba zako, weka saini. Nyuma yangu foleni. Nilikuwa nataka kwenda kulala kitandani kwangu. Nikasaini.

Naombeni mnisaidie. Naanzia wapi nikiwa huku? Ni lazima nipande basi hadi ubalozini Dar kupigiwa muhuri? Kuna mtu mtandaoni anataka dola 400 anishughulikie. Na nasikia kuna ukomo wa miaka 3 wa kuomba marekebisho. Si umeshanipita zamani?

KUTOKA: Dada wa Columbus, Ohio

Kaka, pole sana, na pole kwa kuuguza. Mpe mama shikamoo yangu.

Nimekuwa karani wa jeshi miaka 9, kazi yangu ilikuwa haya haya mafaili. Huyo wa dola 400 mwache. Kuomba marekebisho ni bure, fomu ni bure, na nishani zenyewe veterani hupewa bure. Ukitaka mtu wa kukushika mkono, vyama vya maveterani vyenye kibali vinakuwakilisha bila malipo.

Dar usiende. Fomu hizi hazihitaji muhuri wa mwanasheria wala wa ubalozi. Unasaini mwenyewe ukitambua kwamba kusema uongo humo ni kosa la jinai. Ubalozini muhuri mmoja ni dola 50, weka nauli na malazi juu yake, na yote hayo ni kwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapoteza mwaka mzima. Nishani ziko za aina mbili, na ushahidi wake ni tofauti.

Ya kampeni ya Iraki haihitaji amri ya kamanda. Inahitaji uthibitisho tu kwamba ulikuwepo: siku 30 mfululizo, au 60 za vipande vipande, kati ya Machi 2003 na Desemba 2011. Wewe una miezi 15. Na ukiomba, usiombe nishani tupu. Tarehe zako zinagusa awamu mbili za kampeni, kwa sababu awamu moja iliisha 9 Januari 2007 na nyingine ikaanza kesho yake. Kwa hiyo una haki ya nyota mbili ndogo za shaba juu ya utepe, uziandike. Ushahidi ni amri ya kupelekwa, au slipu za mshahara. Tafuta slipu yoyote ya 2007: utaona mstari wa posho ya hatari, dola 225 kwa mwezi. Mhasibu hakulipi posho hiyo ukiwa Texas.

Ya pongezi ni habari nyingine. Ile hutolewa kwa amri, na amri ina namba. Kumbukumbu yako ya gwaride haitoshi, na picha haitoshi. Bila namba ya amri, au ile fomu ya mapendekezo DA 638 yenye saini ya kamanda, karani wa leo hana pa kushika. Ulipewa cheti siku ile? Kiko wapi? Chini kabisa ya cheti, kwa herufi ndogo, huwa kuna namba ya amri.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza omba faili lako zima kwa fomu SF 180. Nyuma yake kuna jedwali la anwani. Wengi wanakimbilia kituo cha kumbukumbu cha St. Louis kwa sababu ndicho kinachojulikana, pale palipoungua Julai 1973 yakateketea mafaili kama milioni 16 hadi 18. Wewe hayakuhusu. Mtu wa Jeshi la Nchi Kavu aliyetoka baada ya Oktoba 2002, faili lake ni la kielektroniki na linashughulikiwa Fort Knox, Kentucky. Hukohuko ndiko unakopeleka ombi la kurekebisha, ukiambatanisha nakala. Nakala, kaka. Karatasi halisi isitoke Moshi. Wakikubali, DD 214 yako haichapwi upya. Wanatoa karatasi ya marekebisho, DD 215, unaibana pamoja na ile ya zamani na tangu hapo zinatembea pamoja.

Wakikataa, ndipo unakwenda kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi kwa fomu DD 149. Usianze na Bodi, watakurudisha ulikoruka. Miaka 3 inahesabiwa tangu ulipogundua kosa. Wanaweza kusema ulipaswa kuligundua siku uliposaini, lakini sheria inairuhusu Bodi kusamehe ucheleweshaji haki ikidai hivyo. Waeleze ukweli: foleni, umri wako, na siku ulipoisoma. Sheria inataka maombi 90 kati ya kila 100 yaamuliwe ndani ya miezi 10, na hakuna linalotakiwa kupita miezi 18. Kwa hiyo subira itahitajika.

La mwisho, na hili naomba ulifanye leo kabla ya mengine: usisubiri nishani ndipo upeleke madai ya sikio. Malipo kwa kawaida yanahesabiwa kuanzia tarehe madai yalipopokelewa. Kuna fomu fupi ya kutoa nia, 21-0966, inakushikia tarehe kwa mwaka mzima wakati unakusanya karatasi. Ukishakubaliwa, upo mpango wa VA, ile idara ya maveterani ya Marekani, wa matibabu nje ya nchi hiyo unaolipia tatizo hilo lililokubaliwa, hata ukitibiwa hospitali ya KCMC hapo Moshi. Na ujue nishani ya kampeni inathibitisha ulikuwepo Iraki, haithibitishi kwamba ulipigana. Kama mlishambuliwa, andika tarehe, barabara, na nani alikuwa pembeni yako. Waombe waliokuwa nawe waandike pia na kusaini.

KUTOKA: Mzee wa Reading, Uingereza

Kijana wangu, fuata anayokwambia huyo binti, na usikate tamaa.

Babu yangu wa Marangu alikuwa keya, askari wa King's African Rifles ya Mwingereza. Alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 kwenye masika ambayo alisema yalikuwa yanaozesha viatu miguuni. Aliporudi alihifadhi kitabu chake cha jeshi kwenye dari juu ya jiko. Panya na moshi wa jiko wakakimaliza. Sisi wajukuu tulipokuja kuulizia nishani yake ya Nyota ya Burma hatukuwa hata na namba yake ya jeshi, na jina lake tulilijua kwa namna tatu za kuandika. Tulikwama hapo, na mwaka huohuo tukamzika.

Wewe ungali hai na mama yako yupo. Muulize yeye ulimtumia nini. Akina mama wa kwetu hawatupi karatasi yenye nembo.

KUTOKA: Kaka wa Kiboriloni

Mzee, shikamoo tena. Dada, Mungu akubariki.

Jana jioni nilimuuliza mama. Hakunijibu kwa maneno, alinyoosha kidole ukutani.

Cheti kipo sebuleni miaka yote hii, katikati ya picha yangu ya Kipaimara na kalenda ya usharika. Nilimtumia kutoka Baghdad mwaka 2007 ndani ya bahasha moja na picha, nikasahau kabisa. Akakipeleka kwa fundi mjini kikatiwa fremu. Nimekaa chini yake nikinywa chai kila asubuhi na sikuwahi kukisoma, kwa sababu kwangu kilikuwa pambo la mama.

Nilikishusha, nikakilaza mezani kifudifudi. Misumari midogo minne ilikuwa imeshika kutu. Niliing'oa moja moja kwa ncha ya kisu mama akiwa amesimama nyuma yangu akisema taratibu, taratibu. Fundi alikuwa amekunja ukingo wa chini ili kienee kwenye fremu. Nikakunjua. Namba ya amri ipo, na tarehe, na kikosi. Wino umefifia kidogo pale kwenye mkunjo lakini namba zote zinasomeka.

Baada ya hapo mama akaenda chumbani, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani kuna barua zangu, na katikati ya barua nimekuta slipu mbili za mshahara, ya Machi na ya Juni 2007. Nilikuwa namtumia ili aone kwamba nalipwa, asilie. Mstari wa posho ya hatari upo kwenye zote mbili, 225.

Fomu ya kutoa nia nimeshaituma usiku huu huu. SF 180 nimeichapa stationery, nimesaini kwa wino, kesho naipeleka Posta pale Mnara wa Saa kwa EMS. Anwani ya kujibiwa nimeweka sanduku letu la posta pamoja na barua pepe, dada, niambie kama ni sahihi au niweke ya kaka yangu aliyeko Minnesota. Na mmoja wa wenzangu wa kikosi nimempata, yuko Georgia, kasema ataandika maelezo yake wikendi hii.

Cheti nakipiga skani asubuhi kabla duka la fundi halijafunguliwa. Mama ametaka kirudi ukutani kabla ya Alhamisi, jumuiya inakuja kusali kwetu.