Tupeane uzoefu: neno gani la Kiswahili lilikuchenga Uganda?

Msukuma wa Owino
Wadau, mimi kwetu Mwanza, mwaka wa nne huu nauza vitenge soko la Owino, Kampala. Wiki ya kwanza nilisaidia kushusha mzigo kwenye lori, tajiri akasema, "Ngoja posho." Nikakaa juu ya robota nikingoja bahasha. Ikaja sahani: ugali na maharage! Kumbe hapa posho ndiyo ugali wenyewe. Kilichoniuma zaidi, wakubwa wakaniambia wao ndio walio karibu na asili, kwamba posho ilikuwa chakula walichopimiwa wapagazi wa misafara. Kwetu kikageuka hela, huku kikabaki sufuriani. Nyie je?

Jajja wa Mengo
Mwanangu, letu sisi ni mafutamingi. Mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, maduka yao wakapewa wanajeshi na watu wenye kujuana. Jirani yetu alilala karani akaamka na duka la vitambaa, tumbo nalo likafuata. Tukawaita bamafutamingi. Najua, mwalimu ataniambia ni "mafuta mengi". Lakini Kiswahili hiki tulikipata kwa askari, na wengi wao walijifunza ukubwani, kambini, kila mmoja na lugha ya mama yake kichwani. Ukijifunza hivyo, upatanisho wa ngeli ndio wa kwanza kudondoka. Basi neno likaingia Kiganda, likavishwa "ba-" ya kwetu, yaani "wa-" ya watu, na huko halina kosa lolote. (Magendo nalo tulilijua miaka hiyo hiyo, ila hilo siwasimulii.)

Mnubi_Bombo
Jajja, baadhi ya askari hao ni babu zetu, kwa hiyo sikai kimya. Kinubi ni Kiarabu kilichopita kambi za namna hiyo hiyo. Wazee wetu walikuwa wanajeshi wa Emin Pasha, gavana wa Ikweta kusini mwa Sudan; Lugard, kapteni Mwingereza, akawaleta huku 1891. Watu wa makabila mengi, Kiarabu chao cha amri na cha soko. Mambo ya maneno ya kike na ya kiume yakaachwa; kitenzi hakigeuki kwa nafsi, unatanguliza tu "ana", "ita" au "uwo", yaani mimi, wewe, yeye. Siku moja mfanyabiashara wa Khartoum alipita nyumbani, bibi akamkaribisha kwa Kinubi. Jamaa akanivuta pembeni: "Mbona bibi anaongea kama mtoto?" Nilikasirika sana. Bibi hakukosea neno hata moja la lugha yake.

Halafu hiyo "afande" mnayomwitia polisi ni "efendi" ya Waturuki, yaani bwana.

Stendi ya Busia
Boda boda ni yetu! Waendesha baiskeli walikuwa wakiita abiria wa kuvushwa mpakani, na mpaka kwa Kiingereza ndio hiyo "boda". Sasa mtu yuko Dodoma, mpaka haujui, anapanda boda.

Mwalimu wa Masaka
Mimi yangu ni ya darasani. Kiganda huandika r baada ya e na i tu, kwingine ni l. Basi mtoto anaandika "lafiki", nami nachora nyekundu. Mwaka juzi mmoja akaniuliza kwa nini ekitabo na kitabu vinafanana. Nikamweleza: Waarabu wana "kitab", wingi "kutub". Waswahili wakasikia "ki" mwanzoni, wakadhani ni ki- ya kiti na kisu, wakatoa vitabu. Nasi tukachukua kwao, tukasema ekitabo, ebitabo. Mtoto akafikiri kidogo. "Kwa hiyo, mwalimu, Waswahili walikosea?"

Msukuma wa Owino
Ukamjibu nini, mwalimu?

Mwalimu wa Masaka
Nilimwambia ndiyo, ila walikosea wote pamoja. Akauliza kama darasa zima likiandika "lafiki" nitawapa vema. Kengele ikaniokoa.