Mwongoza watalii aliyegongesha mti wenye kiota cha tai Rungwe asipewe kundi lingine

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kulainisha maneno.

Kuna kampuni ya utalii hapa Mbeya inauza safari za kwenda kuangalia tai na wanyama wa msituni Mlima Rungwe. Jina silitaji humu kwa sababu malalamiko yangu wameshapelekewa kwa maandishi. Tangazo lao liliahidi tai mwenye kishungi, mbega, kipunji (kima adimu wa misitu hii) Mungu akijalia, na mwongozaji bingwa wa ndege. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri.

Tumeondoka jua limeshawaka. Noah haikuwa na mafuta. Uyole tukasimama tena, dereva akapakia magunia ya ndugu yake huku sisi tuliolipa tumebanana nyuma. Isongole tumeingia saa nne imepita, na anayekijua kile kilima anaelewa hasara yake. Tai wa msituni haonekani saa zote. Anasubiri jua lipashe hewa joto, anapanda juu asubuhi, anazunguka huku anaita kwa sauti inayosikika mbali, kisha anarudi ndani ya miti ambako anaweza kukaa juu ya kichwa chako usimuone. Mchana wingu linashuka na mlima wote unafunikwa. Darubini zilikuwa mbili kwa watu saba, moja ina ukungu ndani ya lenzi. Kiingilio tulichangishwa taslimu, stakabadhi hatukuoneshwa.

Hayo yote ningemalizana nao kwa simu. Kilichonileta humu ni kiota.

Kijana wa kijijini aliyetutangulia njiani ndiye aliyekiona, wala si bingwa. Aliona mifupa ya wanyama wadogo chini ya mti mkubwa, akainua macho, akatuonesha: rundo kubwa la vijiti kwenye panda ya mti, na pembeni yake kinda kubwa limesimama kwenye tawi, kichwa cheupe, kifua cheupe. Mwongozaji akatutangazia kwa kujiamini kabisa kwamba ni furukombe. Furukombe, tai mla samaki, katikati ya msitu wa mlimani! Kinda la tai mwenye kishungi huwa na weupe huo, na madoadoa na michirizi meusi huja kadiri anavyokua. Nikamwambia. Akanijibu, "Mwalimu, hii ndiyo kazi yangu."

Halafu akatoa spika ya kubebea, akaanza kupiga rekodi ya mlio wa tai. Akapiga, akarudia, akaongeza sauti. Mzazi akaja kweli, akawa anazunguka juu yetu akilia, kwa sababu kwake yeye ule mlio ni wa tai mgeni aliyeingia kwenye himaya yake na kusimama chini ya mtoto wake. Kinda likajilaza bapa kwenye kiota. Picha ikakosekana. Ndipo huyu bwana akamwambia msaidizi wake achukue panga agonge shina kwa ubapa ili kinda liruke. Na msaidizi akagonga! Nilipopaza sauti nikaambiwa, "Tulia mwalimu, wateja wamelipia picha." Yule kijana wa kijijini alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, na yeye ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Nieleze kwa nini hili si jambo dogo. Tai huyu hutaga yai moja au mawili, na kwa kawaida kinda linalopona ni moja. Mayai huatamiwa kwa karibu siku 50, kinda linakaa kiotani zaidi ya miezi mitatu, na hata likishajua kuruka wazazi wanaendelea kulilisha kwa miezi mingi, mara nyingi karibu mwaka mzima. Ndiyo maana jozi nyingi hulea kinda moja tu kila baada ya miaka miwili. Likianguka kabla mabawa hayajakomaa, ile miaka miwili imepotea. Kiota chenyewe hutumika miaka na miaka, wazazi wakiongeza vijiti juu ya vijiti. Wakisumbuliwa, wanaweza kukihama.

Na huu si msitu wa kuchezea. Ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hapa Rungwe ndipo kipunji alipotambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi) yake peke yake, jambo ambalo kwa kima wa Afrika halikuwa limetokea tangu 1923. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuta kipunji 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo pamoja na ule wa Ndundulu huko Udzungwa. Watu wanavuka bahari kuja kuona msitu huu, na sisi tunaoishi chini yake tunamkabidhi mtu mwenye spika na panga!

Kampuni imenijibu kwamba itanipa punguzo safari ijayo. Sitaki punguzo. Nataka nauli yangu irudi, kwa sababu nilichouziwa sicho nilichopewa. Nataka yule mwongozaji asiingie tena msituni na wageni mpaka afundishwe upya. Na TFS nawaomba wapige marufuku rekodi za milio karibu na viota, na kila kundi liwe na mwenyeji anayeujua msitu, alipwe malipo ya mwongozaji kamili.

Kama kuna mtu humu aliyepita pale baada yetu, naomba aniambie: kinda bado lipo?