Nawafundishaje kutunza kinamasi watoto ambao karo yao inatoka humo humo?

MwalimuBusia

Habari zenu walimu, na wazazi mliomo humu.

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Muhula huu tuko kwenye mada ya ardhioevu, yaani vinamasi na mabonde yenye maji. Faida zake watoto wanazo zote kichwani: huchuja maji, hupunguza mafuriko, ni makazi ya samaki na ndege. Ukiwapa mtihani wanapata. Kengele ya jioni ikilia, wengi wao wanashuka bondeni, wavulana kuchimba mifereji ya mpunga na baba zao, wasichana kubeba matofali mabichi.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza, taratibu kabisa: "Mwalimu, basi baba yangu ni mtu mbaya?" Nikamwambia hapana. Akangoja niendelee.

Naumia kwa sababu pande zote mbili nazijua. Mpunga ule ndio unaomnunulia daftari. Na bondeni hapo hapo kuna kisima ambacho akina mama walichota hata wakati wa kiangazi kikali. Siku hizi Januari ikiingia ni tope. Sitaki somo langu limgombanishe mtoto na mzazi wake, na kunyamaza pia sitaki. Wenzangu mnafanyaje? Watoto wamejaa darasani hadi mlangoni, basi la kuwapeleka mahali hatuna, na umeme ni wa kubahatisha.

MstaafuMasaka

Mwalimu, pole na kazi, na huyo binti mpe hongera. Nimefundisha miaka mingi hapa Masaka (Kiswahili nilikulia nacho kambini, baba alikuwa askari), na naona swali lake ndilo somo lenyewe. Lijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Mimi ningeanza na tofauti kati ya kukata na kuchimba. Chukua bua la mafunjo, lipite dawati kwa dawati. Walipapase, wataona lina pembe tatu. Walimenye, ndani ni kweupe, laini, kumejaa hewa. Kisha waulize: mama anayekata mabua haya asuke jamvi, mwakani hapati mengine? Watasema anapata, maana wamemwona. Mafunjo huchipua tena kutoka kwenye shina linalotambaa chini, na mwaka haupiti yamerudi kumpita mtu mzima kimo. Sasa waulize juu ya yule aliyechimba mfereji maji yakatoka. Shina lile likikauka hakuna kinachochipua. Mtoto wa umri huo anaelewa papo hapo, na wewe hujamtaja baba ya mtu. Hata kanuni za ardhioevu za mwaka 2000 zilifuata mstari huo huo: kukata mafunjo na matete, kuchota maji ya nyumbani, kuvua kwa mitego na mikuki, hayo yaliachwa yaendelee kama zamani. Kukausha ndiko kulikowekewa masharti.

Halafu chupa. Tafuta chupa mbili za plastiki, zilaze, zikate dirisha ubavuni. Moja itie udongo mtupu. Nyingine itie udongo ulio na nyasi zake na mizizi yake, umeukata kipande kizima. Zielekeze kwenye vikombe viwili, ziinamishe kidogo. Mtoto mmoja amwage maji huku, mwingine kule, kwa wakati mmoja. Upande wa udongo mtupu yatakimbia, rangi ya chai ya maziwa. Upande wa nyasi yatachelewa, watoto watadhani yamekwama, kisha yataanza kudondoka, na tope lake ni kidogo. Wewe usiseme neno. Waje wenyewe mbele, wainue vikombe kwenye mwanga wa dirisha wavitazame. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nawaambia kwamba maji ya bomba ya mji wetu yanatoka kinamasi cha Nabajjuzi. Kelele zote zilikuwa zinakatika.

Ninyi mna Majanji ya ziwani karibu, kwa hiyo hadithi ya samaki msiikose. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na baadaye akawamaliza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wengi mno. Baadhi ya waliopona walijificha kwenye mafunjo, kwa sababu maji ya mle yana oksijeni kidogo na sangara haiwezi hali hiyo. Kamongo na kambare wanaweza kuja juu wakavuta hewa, ndiyo maana kinamasi hakiwashindi. Watoto wanaipenda sana, ina adui na ina maficho. Kuna na ndege mmoja, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ambaye maisha yake yote ni ndani ya mafunjo. Ukifyeka yote, hana pengine pa kuhamia. Na korongo mwenye taji wanayemtazama kila asubuhi bendera ikipandishwa hutaga kwenye majani ya kinamasi. Tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka.

Takwimu nilikuwa natoa moja tu, nikiichora ubaoni kwa chaki: kwa hesabu za wizara, mwaka 1994 ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi. Kufikia 2017 ilikuwa kama 13, na iliyokuwa bado nzima ni 8.9.

Mkulima_Butaleja

Mimi ni mzazi, nalima mpunga. Mzee wa Masaka amesema vizuri, lakini jamvi haliwezi kulipa karo ya watoto wanne. Watoto wanajua bei ya gunia la mpunga na bei ya jamvi. Mwalimu akiikwepa hesabu hiyo hawatamwamini kwa lolote.

Tena mpunga hatukuuzua sisi. Doho hapa kwetu ni mradi wa serikali. Wazee wetu waliambiwa bonde lisilolimwa ni mali inayopotea. Leo anakuja mwingine na neno jingine, na anayeambiwa ahame ni yule yule mkulima. Mtoto aelezwe na hilo pia, ndio ukweli.

Ila sibishi kwamba kuna kitu kimeharibika. Baba yangu hakulima hadi mtoni, aliacha ukanda wa matete, na mimi ukanda huo sijaugusa. Wengi wanalima hadi jembe linaingia majini. Mvua ikinyesha mlima Elgon, mto Manafwa unashuka na mchanga, unalala juu ya mpunga, msimu umekwisha. Palipo na matete mchanga mwingi unakwama hapo.

Mwalimu, mwite huyo baba darasani. Usimwite umhubirie. Awasimulie watoto bonde lilikuwaje alipokuwa na umri wao, maji yalifika wapi, walivua samaki gani, nani aliacha ukanda na nani hakuacha. Binti yake akimsikia anaheshimiwa mbele ya wenzake, hilo swali lake litapata jibu.

BintiBwaise

Nimekulia Bwaise, Kampala, pembezoni mwa kinamasi cha Lubigi. Mvua ikinyesha usiku mama alikuwa anatuamsha tupande kitandani na mfuko wa unga na vitabu vya shule. Shuleni tukaandika kwamba mafuriko "husababishwa na mvua kubwa". Hakuna aliyetwambia kuwa tulikuwa tumelala kwenye njia ya maji.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mmoja wa sekondari aliyechora ramani: maji machafu ya jiji yanashuka mfereji wa Nakivubo, yanapita kwenye mafunjo, yanaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndiko yanakovutwa maji mengi ya kunywa ya Kampala. Nikaelewa kwa nini mafunjo yale ni yangu hata kama sijawahi kuyakanyaga. Mwalimu wa Busia, chora ya kwenu. Shule, kisima, tanuri za matofali, mpunga, mto Sio. Kisha muitembee kwa miguu.

MwalimuBusia

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mkulima, nilikwenda kwao jana jioni. Yule baba alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama anaweza kuja na mtego wake wa kambare wa zamani. Atakuja Ijumaa. Ile hesabu ya mpunga na jamvi nitaiweka kwenye somo la hisabati, wao ndio walete bei.

Mzee, maswali mawili. Udongo wa chupa niuchukue kinamasini? Na tukienda kutembea bondeni, kuna la kuogopa?

MstaafuMasaka

Kinamasini usichimbe, watoto wataiga. Kata nyasi pembeni mwa uwanja wa mpira. Na udongo uwe ule ule kwa chupa zote mbili, usipofanya hivyo kuna mtoto atakuambia tofauti imetoka kwenye udongo, na atakuwa sahihi.

Kutembea, nendeni asubuhi, mbaki kwenye njia ya mifugo, watoto wasiingie majini kwa sababu ya kichocho. Wagawe vikundi, kila kikundi na mtoto mmoja ambaye kwao wanalima kule. Huyo ndiye aongoze, anapajua kuliko wewe. Mwakani mkitaka kuiadhimisha Siku ya Ardhioevu, anzeni maandalizi muhula wa tatu. Huwa tarehe 2 Februari, na wakati huo shule ndipo zinafunguliwa, nusu ya watoto hawajaripoti.