Guangzhou: nimekuta mji mwingine chini ya ardhi, mzigo nichukulie huko au nipande juu?

MamaPochi_Kkoo

Wakuu habari za humu. Niko Guangzhou huku China, nimefikia mtaa wa Xiaobei kama wengi wetu, nimekuja kuchukua pochi, blauzi za kina dada na vikorokoro vya simu kwa ajili ya duka langu Kariakoo. Sasa mimi mtu wa Dar, joto nimezaliwa nalo, lakini hili la huku mwezi wa saba ni habari nyingine, hakuna hata kaupepo ka bahari, saa nne asubuhi ushalowa mgongo mzima na mvua ikishuka ndo kama umemwagia jiko maji.

Jana nikashuka metro kituo cha Gongyuanqian nikijua ni kituo tu cha treni. Aisee! Kumbe chini kule kuna maduka hayaishi, kakibanda kembamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili na ndani wamening'iniza nguo mpaka darini, mwingine anauza vidoli vya katuni, mwingine kakalia kigoda anampaka mteja kucha huku anakula tambi, vijana wamevaa mawigi ya bluu wanapiga picha na hakuna anayewashangaa. Ubaridi wa AC umejaa kila kona. Nilizunguka mpaka nikasahau kilichonipeleka, ramani ya simu haisomi uko wapi, na nilipopanda juu miwani ikaingia ukungu nikasimama kwenye ngazi watu wananipita.

Blauzi nimetajiwa yuan 59, nikabembeleza ikaja 45. Swali langu, hii ni bei ya jumla? Maana kule chini nimepapenda jamani, natamani nimalizie mzigo wangu hukohuko. Wenye machimbo naomba mniongoze.

Mzee_wa_Kontena

Dada angu hapo Gongyuanqian ni kwa watoto wa shule wa Kichina, ni rejareja hiyo. Pale Lieshi Lingyuan chini ya China Plaza nako hivyohivyo, na kule Tiyu Xilu na Huacheng ndo kabisa, ni kwa watu wa maofisini, utalipia ubaridi. Wengi wa hao wenye vibanda wanaamka alfajiri wanakwenda kuchukua mzigo Shisanhang, soko la nguo za jumla, halafu wanakuja kukuuzia wewe kwa bei mara mbili. Sasa wewe ukinunua kwake uje uuze Kariakoo na kago juu, utapata nini?

Toka Xiaobei panda laini 5, kituo kimoja tu unashuka Guangzhou Huochezhan, yaani stesheni ya treni. Hapo una Baima, jengo la nguo lipo toka 1993, na Zhanxi kwa viatu na saa. Pochi nenda Guihuagang, ni hapohapo jirani, unatembea.

shangazi_wa_mtaa

Na jamani hakuna aliyesema kuhusu saizi!! Nguo za kule chini karibu zote ni frii saizi, na hiyo frii ni ya mtoto wa Kichina wa kilo 45, mteja wa Tandika haimpiti mabegani. Na vibanda vingi hawakuruhusu kujaribu. Mie chini nachukua hereni, vibanio na makava ya simu basi, nguo hapana.

Jogoo_Mgeni

Mimi nilikaa kule chini siku nzima sikununua kitu, nilifuata AC tu 😂

Kanairo254

Sasa MamaPochi, mimi huuza Eastleigh. Sikubaliani kabisa na Mzee, chini si pabaya kama unajua unachotafuta. Mimi huenda kwanza kule kuona vijana wanavaa nini, napiga picha, nanunua pisi moja moja ya sampo, yaani ya mfano, kisha kesho yake naingia sokoni na ile picha kwa simu nauliza nani ako na hii. Hapo muuzaji hawezi kukuzungusha. Ukinunua hizo sampo kwa Alipay, ile app ya Kichina ya kulipia kwa simu, ukiwa umeunganisha kadi ya Visa, malipo yasizidi yuan 200 kwa mara moja, yakipita hapo wanakata asilimia 3. Na ushike herufi ya mlango wa kutokea, A, B, C, D, maana ukitokea mlango mbaya utajipata ng'ambo ya barabara kubwa kwa hilo jua.

MamaPochi_Kkoo

Kanairo asante sana, hiyo ya picha nimeichukua. Mzee nawe nimekuelewa, japo roho inauma 😅. Hiyo Shisanhang naendaje, na wanauza kuanzia pisi ngapi? Nilitaka nipumzike asubuhi niende mchana mchana hivi nikishakula.

Mzee_wa_Kontena

Laini 6, shuka Wenhua Gongyuan. Pisi inategemea na duka, wengine watakwambia tatu tatu kila rangi, wengine hawakuuzii chini ya kumi, usigombane nao, hamia la jirani. Ila mchana sahau. Wale wanafungua bado giza na ikifika saa saba wengi washafunga mahesabu, utakuta wanafagia na wabeba mzigo wamelala juu ya mikokoteni. Kula ukirudi.

shangazi_wa_mtaa

Na beba kitaulo.