Mjadala: Kikomo cha riba za mikopo kirudishwe Kenya?

Mleta mada: Kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ilizuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Kikomo kikafutwa. Kati ya Agosti 2024 na Juni 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 13 hadi 9.75, lakini riba za mikopo ya biashara zilishuka kwa kujikokota. Kirudishwe.

Afisa mikopo: Napinga. Kwanza tunahesabu gharama ya fedha, yaani riba tunayomlipa mwenye amana, pamoja na ile sehemu inayokaa Benki Kuu bila kuzaa. Juu yake kuna gharama za uendeshaji, faida ya wanahisa, na hasara inayotarajiwa. Chukua mteja mwenye uwezekano wa asilimia 8 wa kushindwa kulipa, na dhamana ambayo mnadani itarudisha nusu ya deni. Hasara hiyo peke yake ni asilimia 4, kikomo kizima kimekwisha! Ndiyo maana miaka ile benki zilikimbilia hati za serikali, yaani kuikopesha serikali, na mwenye duka dogo akaambiwa hakopesheki.

Mhasibu: Mnabishania asilimia bila kuuliza riba inapigwa hesabu vipi. Shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 10 juu ya mkopo wote wa mwanzo: rejesho ni 110,000 kwa mwezi. Asilimia 18 juu ya salio linalopungua: 110,016. Karibu sawasawa! Kisha ada na bima za asilimia 4 zikikatwa mwanzoni, unapokea 1,152,000 na riba unailipia 1,200,000. Kikomo kisichogusa ada kinakwepwa asubuhi na mapema.

Mleta mada: Hoja ya ada naikubali. Ila kumwachia mkopeshaji apange peke yake, hapana.

Afisa mikopo: Hapangi peke yake tena. Tangu mwaka 2025 mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika hupimwa kwa KESONIA, wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha huongezwa K: gharama, faida na hatari ya mteja.

Mhasibu: Basi vita ni hapo kwenye K. KESONIA ikishuka na K ikapandishwa, mkopaji hapati kitu. Dai mkataba utaje K kwa tarakimu na sababu zinazoruhusu ibadilike, na jedwali la marejesho lije kabla ya sahihi.