Naomba ushauri: mke wangu hasisimki akiguswa tangu aanze kunyonyesha

Ndugu zangu, hasa kina mama mliowahi kunyonyesha, naomba ushauri. Tangu mke wangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza, sehemu ambazo zamani zilimsisimua zikiguswa, yaani shingo, mgongo na hasa matiti, sasa ama hazimletei hisia yoyote ama zinamkera, na tendo la ndoa limekuwa la maumivu kwa sababu ya ukavu ukeni.

Muuguzi wa kliniki alitueleza kwamba wakati wa kunyonyesha homoni ya prolaktini hupanda na estrojeni hushuka, hivyo hamu hupungua na ute huwa haba, hali ambayo kwa wengi hurekebika taratibu mtoto anapopunguza kunyonya. Maelezo hayo yalitutuliza sana, maana mke wangu alikwishaanza kulia akihofu kwamba nitadhani hanipendi. Nimesoma pia kwamba ngozi yenye vinyweleo ina neva zinazopokea vizuri mpapaso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Na kweli, kumpapasa mgongo pasipo kutarajia tendo lolote humpumzisha, ingawa matiti bado hataki yaguswe, na hiyo ni haki yake.

Je, kina mama wenzake, mlirejeshaje msisimko bila kujilazimisha, na mlitumia kilainishi cha aina gani? Tena, kwa maumivu haya, tumwone daktari wa magonjwa ya wanawake sasa, au tusubiri mtoto aache ziwa?