Ulinganisho: Land Rover 109, Peugeot 504 pikapu au Volks mgongo wa kobe, kwa mil 12 nichukue ipi? (Tabora)

Isevya77 (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Naombeni mawazo mana nimefika mahali usingizi haupatikani. Toka mdogo napenda magari ya zamani, mzee wangu alikua dereva wa Land Rover miaka ya 80 huko Urambo kwenye tumbaku na ile sauti ya gia ikiingia naisikia mpaka leo. Nimejikusanya nina mil 12 jumla, yani kununua na kutengeneza humo humo. Gari la kila siku ninalo, IST, kwaiyo hili ni la kupenda tu, Jumapili nalitoa naenda nalo Sikonge narudi. Nimepata matatu.

Land Rover 109 Series III, ipo Urambo, anataka 11. Bodi haina kutu hata kidogo ila injini wameweka ya Isuzu dizeli.

Peugeot 504 pikapu dizeli, Kigoma pale Gungu, 5 na nusu. Inatembea mpaka leo, inabeba mawese.

Volks mgongo wa kobe, hapa hapa Tabora, 6 na nusu. Imesimama miaka 3 toka mwenyewe afariki, watoto wake ndo wanaiuza.

Nichukue ipi, na kila moja niitajie bei gani?

Fundi_Ngambo (Tabora)
Kaka, Land Rover kutokua na kutu kwenye bodi usiilipie, ile bodi ni aluminiamu. Kutu ya Land Rover inakaa kwenye chasisi na kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, pale miguu inapokaa kwenye pedeli. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chasisi yote, hasa ule mti wa nyuma kabisa na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi. Ikilia kwa sauti kali ni nzima, ikilia butu kama unagonga debe la udongo imekwisha. Na ukikuta imepakwa lami mbichi ya juzi juzi hapo ndo gonga sana. Angalia na ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, ikichubuka inavuja oili hata ubadilishe sili kila mwezi. Kuchomelea nusu chasisi kwa kazi ya uhakika mimi sichukui chini ya 1.5.

Kingine, kadi imeandikwa injini ipi? Kama bado ina namba ya injini ya zamani anza kumalizana na TRA kabla hujatoa hata shilingi, usije ukanunua kesi.

Bi_Mwanga (Kigoma)
Mimi nina 504 ya marehemu baba, sedani ya 1976, mwaka wa kumi na moja huu naitunza kwaiyo naongea kwa mapenzi mnisamehe. 504 ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa gari la mwaka Ulaya, na mashindano ya magari ya Safari Rally ilishinda 1975 na 1978, huku kwetu watu wazima wanaijua kama gari la mkuu wa wilaya. Ila Isevya kaka yangu elewa kitu kimoja, sedani na pikapu ni magari mawili tofauti kwenye makalio. Sedani kama yangu nyuma kila gurudumu linapanda na kushuka lenyewe, ukipita barabara ya vumbi unaona shimo lakini hulisikii. Pikapu nyuma ina ekseli ya kipande kimoja na springi za majani, imetengenezwa kubeba, tupu inaruka ruka. Kama unaitaka kwa ule ulaini unaosimuliwa na wazee, kwenye pikapu hutaupata.

Ila uzuri wake inatembea kila siku. Gari linalotembea kila siku halina siri, ubovu wake utauona siku hiyo hiyo. Spea mimi nyingine naagiza Dar, nyingine jamaa wa maboti wananiletea kutoka Bujumbura, gasketi ya silinda hedi niliipata huko baada ya kuitafuta Gerezani kule Dar miezi miwili bila mafanikio.

Kaliua_Kwetu
Volks nimekaa nayo miaka 9, nimeiuza mwaka juzi kwa mil 8 ikiwa safi na mpaka leo inaniuma. Spea sio tatizo, haya magari yametengenezwa zaidi ya mil 21 na Mexico wameacha 2003 tu. Haina rejeta, haina maji, inapozwa kwa upepo na oili lita 2 na nusu, sasa hapo ndo watu wanaziua. Feni inazungushwa na mkanda uleule wa jenereta, mkanda ukikatika taa nyekundu inawaka kwenye dashi na wewe unasema ah ni chaji tu nitafika, injini inaiva hapo hapo. Taa ikiwaka simama, hata kama upo katikati ya pori. Pia vile vibati vinavyozunguka injini lazima viwepo vyote, kuna mafundi wanavitoa wanaona havina kazi kumbe ndo vinauelekeza upepo kwenye silinda.

Ukienda kuiona toa siti ya nyuma, betri inakaa chini yake, asidi ikimwagika inakula sakafu pale. Afu bonyeza chini ya milango kwa bisibisi. Na mpira wa petroli kule kwenye injini badilisha siku ya kwanza kabla hujawasha, ukikauka unavuja juu ya injini ya moto, Volks nyingi zimeungua hivyo.

Hesabu yangu: nzuri ni 8, toa sakafu 1, toa breki laki 6 mana silinda za breki zitakua zimeganda, toa tairi laki 8, toa kusafisha tenki na kabureta laki 3. Inabaki 5.3. Mpe 5.

MtuWaReli (Tabora)
Naongezea kwenye Volks, mwenyewe amefariki, kwaiyo muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Watoto wanne wakikubaliana sebuleni haitoshi kubadili jina. Bila barua hiyo hata kwa mil 2 usichukue.

Land Rover kwangu ikishawekwa Isuzu imekufa kama gari la kumbukumbu. Isizidi 7. Unayemkumbuka mzee wako hutaisikia ile sauti. Hata Datsun 1200 ningeichagua kabla ya hiyo, Afrika Kusini wameitengeneza pikapu yake mpaka 2008 na ni nyepesi kwa mfuko.

Fundi_Ngambo
MtuWaReli tunaheshimiana ila hapo nakataa. Injini yake ya mwanzo ya petroli, ya lita 2.25, inakunywa lita moja kwa km 5 au 6, na ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi ambayo tumeiacha tangu 2006, kwenye hedi ya chuma viti vya valvu vinaliwa taratibu. Mtu aliyeweka Isuzu ndo ameifanya ifike leo. Bei 7 nakubali, neno kufa sikubali. Na sauti ya gia anayoisema inatoka kwenye gia boksi, muulize kama gia boksi ni yake.

Isevya77
Nimepiga simu, gia boksi ni yake. Ila kadi ina namba ya injini ya zamani na muuzaji hashuki chini ya 10 na nusu, kwaiyo ya Urambo naiacha na imeniuma kweli. Volks barua ya mirathi hawana, wamesema wataanza kufuatilia, nimewaambia wakiipata 5 yao ipo. Wikiendi hii napanda treni naenda kuona Peugeot, nabeba nyundo na sumaku. Nimepanga kumtajia 4 na nusu.

Bi_Mwanga
Karibu Kigoma kaka. Nitamuomba mwenye gari asiiwashe kabisa asubuhi hiyo mpaka ufike, dizeli ikishapata moto inaficha mengi. Weka mkono kwenye injini mwenyewe kwanza, ikiwa ya vuguvugu mwambie tutarudi kesho.